Kabla Hujawapeleka Wenzako Porini

Tuseme wewe ni kidato cha tatu katika shule mojawapo pale Hombolo. Klabu yenu imeruhusiwa na mkuu wa shule kufanya matembezi ya siku mbili: kutoka shuleni alfajiri, kupanda kilima, kulala kwenye mahema jirani na bwawa, kesho yake mchana mnarudi. Mko wanafunzi 24. Mwalimu wa klabu anakutazama wewe anasema, "Utakuwa msaidizi wangu. Utaongoza kundi."

Unafurahi, na una haki ya kufurahi. Usiku kitandani unajiona mbele ya mstari, fimbo mkononi, filimbi shingoni, wenzako wote nyuma yako. Mambo poa kabisa.

Sasa swali letu ni dogo tu: ukiwa pale mbele, unafanya nini hasa?

Wengi hufikiri kiongozi wa porini ni yule mwenye misuli, anayepanda kilima bila kuhema, anayewasha moto bila kiberiti na haogopi nyoka. Hayo siyo mabaya. Lakini siyo kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni kuwarudisha 24. Siyo 23 na maelezo. Na kazi hiyo, kama kazi nyingine yoyote, inafundishwa na inajifunzwa. Hakuna anayezaliwa nayo.

NGUVU PEKE YAKE HAITOSHI

Hebu tusikie kisa kimoja cha kweli. Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi 8 na mwalimu wao walipelekwa kuendesha mitumbwi midogo baharini, kwenye ghuba ya Lyme Bay, kusini mwa Uingereza. Walikuwa na wakufunzi wawili vijana kutoka kituo kimoja cha michezo ya nje. Upepo ukaanza kuwasukuma kutoka nchi kavu. Mwalimu akawa anapinduka na mtumbwi wake mara kwa mara, mkufunzi mmoja akabaki kumsaidia. Kundi likagawanyika. Wale wanafunzi na mkufunzi wa pili wakachukuliwa na maji kuelekea bahari kuu, mitumbwi ikajaa maji, baridi ikawaingia. Hawakuwa na fataki za kuomba msaada. Huku nyuma saa za kurudi zikapita, na taarifa ya kuomba waokoaji ilichelewa kutolewa. Wanafunzi 4 walikufa.

Mwaka 1994 mkurugenzi wa kampuni iliyomiliki kituo kile alifungwa jela, maana ilionekana alikuwa ameonywa mapema kuhusu usalama. Mwaka 1995 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuvikagua na kuvipa leseni vituo vinavyopeleka vijana kwenye shughuli za hatari milimani na majini.

Angalia vizuri ni kitu gani kilikosekana pale. Nguvu? Wakufunzi wale walikuwa vijana wenye afya. Moyo? Yule aliyebaki na mwalimu hakumwacha. Kilichokosekana ni mambo yanayofanywa kabla ya kuondoka: mkufunzi mwenye uzoefu wa maji yale, kifaa cha kuita msaada, mtu aliye nchi kavu anayejua "ikifika saa fulani hawajaonekana, napiga simu". Na mtu wa kusema asubuhi ile, "Leo hatuendi."

Huku kwetu Afrika Mashariki elimu hii nayo ina historia yake. Pale Loitokitok, upande wa Kenya chini ya Mlima Kilimanjaro, shule ya Outward Bound ilianza miaka ya 1950 kufundisha vijana kwa kutumia mlima. Skauti wao waliipata mapema zaidi. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alifanya kambi yake ya majaribio Uingereza mwaka 1907, akaja kufia Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na kaburi lake liko palepale. Katika skauti kundi kubwa hugawanywa vikosi vidogo vya vijana sita hadi wanane, kila kimoja na kiongozi wake ambaye naye ni kijana. Huo si utaratibu wa gwaride tu. Mtu mmoja hawezi kuwaangalia watu 24 kwa macho yake mawili. Sita anaweza.

Na waongozaji wa Kilimanjaro? Wengi wao walianza kama wapagazi. Wamebeba mizigo ya wengine miaka kadhaa, wameona wageni wakitapika na wakilia kwa baridi, ndipo wakaja kupewa jukumu la kuamua. Kumbe hata mlimani watu huanzia nyuma ya mstari.

ITEMBEE NJIA KWANZA WEWE MWENYEWE

Turudi Hombolo. Wiki moja au mbili kabla ya safari, wewe na mwalimu wenu mnaitembea njia yote. Yote, siyo nusu. Msiseme "naifahamu, napita kila siku". Njia unayopita peke yako kwenda kuchota maji siyo njia ileile ukiwa na watu 24, mmoja ana viatu vya kuazima na mwingine ana pumu.

Mnapopita, piteni kwa mwenyekiti wa mtaa. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018, Hombolo iko ndani ya Jiji la Dodoma, lakini adabu ya kijijini haijafutwa na tangazo la jiji. Wasalimieni wazee, "Mbukwenyi", kaeni kidogo, elezeni mnataka nini. Mzee aliyechunga ng'ombe pale miaka 40 atakuambia korongo gani hushusha maji ghafla, jiwe gani lina nyuki, na upande gani wa bwawa wavuvi hawautumii na kwa nini. Muulizeni na mvuvi kuhusu mamba na viboko. Hakuna ramani itakayokupa habari hizo.

Andikeni kwenye daftari: wapi pana kivuli cha kutosha watu wote, wapi simu inashika na wapi haishiki, zahanati iko umbali gani kutoka sehemu ya mbali kabisa ya safari, na gari linaweza kufika mpaka wapi. Pimeni muda pia. Mtu mmoja mwenye afya anakwenda kilomita 4 au 5 kwa saa kwenye njia tambarare. Kundi la wanafunzi wenye mizigo, wanaosimama kunywa maji na kufunga kamba za viatu, hesabu kilomita 3, pungufu zaidi kwenye kilima. Ukipanga safari kwa mwendo wako wewe, kundi litafika gizani.

Kisha karatasi moja inabaki shuleni kwa mtu mwenye simu: majina yote, njia, saa ya kurudi, na saa ya kuanza kuwatafuta. Iandikwe kwa maneno yasiyo na utata, kwa mfano: "Tukiwa hatujafika saa 10 jioni, piga simu. Ikifika saa 11 hujatupata, toa taarifa polisi." Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Basi, hiyo ndiyo karatasi waliyoikosa wale wa Lyme Bay.

Siku yenyewe, mbele anakaa mtu anayeijua njia. Nyuma kabisa anakaa mtu makini kuliko wote, na hakuna mtu anayeruhusiwa kubaki nyuma yake, hata kwa kisa cha kwenda haja. Anayekwenda haja anaaga, kundi linasubiri. Mwendo ni wa yule anayechelewa kuliko wote, naye awekwe karibu na mbele ili asiachwe. Kila mtu awe na mwenzake mmoja wa kumwangalia. Na mnahesabu: mkiondoka, mkivuka korongo, mkisimama, mkianza tena. Wenzako watacheka, "Kaka, umetuhesabu kama mbuzi!" Wacha wacheke. Mgogo anayehesabu mbuzi wake jioni hajapata kuambiwa ana wasiwasi.

MAJI YA KUNYWA: PIGA HESABU

Hombolo iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili hivi, miezi mingine ni vumbi na upepo. Upepo huu ndio unaodanganya. Juni na Julai asubuhi kuna baridi, watu wanavaa masweta, na saa 6 mchana jasho linakaushwa na upepo kabla hujaliona. Unapoteza maji na hujui.

Mtu anayetembea na mzigo juani anahitaji karibu nusu lita ya maji kwa saa, na joto likizidi hata lita nzima. Chukua lita 3 kwa mtu kwa siku ya kutembea. Watu 24 na mwalimu ni 25, mara 3 ni lita 75. Hayo ni madumu manne ya lita 20, na bado hamjapika wala kunawa. Nani anayabeba? Yanajazwa wapi tena? Kama huna jibu, huna safari. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, kwa hiyo yaonje siku ile ya kukagua njia, usingoje siku ya safari. Ya bwawani au ya korongo yachujwe kwa kitambaa kisha yachemshwe mpaka yatokote.

Chakula si tatizo kubwa. Karanga, ubuyu, viazi vya kuchemsha na ugali wa uwele vinamfikisha mtu mbali kuliko biskuti na soda.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, miguu kukaza na ngozi kuloa jasho, mkalishe kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Maji ya chumvi na sukari yanafaa sana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Lakini akianza kuongea hovyo, kuyumba kama mlevi, au mwili kuwa wa moto sana, hiyo si kuchoka. Ni ugonjwa wa joto unaoua. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na wengine waite gari papo hapo. Asiyejitambua msimnyweshe kitu.

DAKIKA TANO TU, DADA!

Sasa tumefika bwawani. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo kiongozi anapopimwa.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 kwenye mto Kinyasungwe Ndogo. Watu wanavua pale perege na kambale, wanamwagilia bustani, wanafua, wanaogesha watoto. Kwa kundi lililotembea juani tangu alfajiri, kuyaona maji yale ni kama kuona peponi. Kabla hujatua mzigo, mmoja ameshavua shati.

"Dada, dakika tano tu! Tunanawa miguu."

Utasema nini? Ukisema "hapana" tu, watakuona mnoko. Kwa hiyo inabidi ujue sababu, na uwe umewaeleza kabla hawajatoka shuleni.

Sababu ya kwanza ni kichocho. Ugonjwa huu umefanyiwa uchunguzi Hombolo zaidi ya mara moja, na unajulikana pale. Mambo yenyewe yako hivi. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huingia majini. Mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye majani na matope ya kando ya maji. Humo huongezeka kwa maelfu. Kisha vinatoka vikiwa na mkia, vinaogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Vikikupata, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Havihitaji kidonda, wala havihitaji uyanywe maji. Hiyo "dakika tano" ya rafiki yako inawatosha kabisa.

Tena vijidudu hivi hutoka kwa wingi mwanga ukiwa mkali, kuanzia asubuhi ya saa 4 hadi alasiri. Yaani saa zilezile ambazo kundi lako lina joto na linataka kuoga. Na vinapatikana zaidi pembeni kwenye majani, palepale mtu anaponawa miguu.

Baada ya hapo mtu anaweza kuwashwa ngozi siku moja au mbili, halafu kimya. Wiki kadhaa baadaye wengine hupata homa, kikohozi na uchovu, wakatibiwa malaria ambayo hawana. Miezi ikipita, kichocho cha kibofu huleta maumivu wakati wa kukojoa na mkojo wenye damu. Kichocho cha tumbo huleta damu kwenye choo, na baadaye ini na bandama huvimba.

Kuna sehemu za Afrika ambako kijana wa kiume akikojoa damu watu walisema amebalehe. Siyo kweli hata kidogo. Hiyo ni damu ya kibofu kilichojeruhiwa na mayai ya minyoo. Kwa wasichana hali ni ngumu zaidi, kwa sababu damu hiyo hudhaniwa ni hedhi, au msichana anapata vidonda na uchafu ukeni na watu wanaanza kumsema kwamba ana ugonjwa wa zinaa. Ananyamaza kwa aibu. Wakati mwingine ni kichocho, alichokipata akiteka maji ya kupikia. Kisipotibiwa kinaweza kuleta ugumba, na vile vidonda vinarahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Basi mwenzako akikueleza dalili kama hizi, usimcheke. Mpeleke zahanati.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge, humezwa kwa siku moja, idadi hupangwa kwa uzito au urefu wa mtu. Imekuwa ikigawiwa mashuleni, hasa shule za msingi, kwa hiyo wewe wa sekondari usingoje kuletewa. Lakini dawa haikukingi na kesho. Ukirudi kwenye maji, unaanza upya.

Basi kiongozi anafanyaje? Anachagua kambi mbali na ukingo. Maji ya kuoga yanatekwa mapema na mtu mzima aliyevaa buti za mpira na glavu ndefu, yanachujwa ili konokono wasiingie, na yanakaa kwenye mapipa siku 2 kabla ya kutumika, maana vile vijidudu haviishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu. Kama hilo haliwezekani, yachemshwe, yapoe. Choo kinachimbwa mbali na maji, na hakuna anayekojoa bwawani au korongoni. Jioni kila mtu anapewa ndoo yake nusu. Ukiwaonyesha hiyo ndoo, "hapana" yako haiwi tena ya mnoko.

Sababu ya pili ni kuzama. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu nusu ya wanaokufa hivyo hawajafika miaka 30. Bwawa la Hombolo limekuwa likiletewa udongo na mchanga na mto kwa zaidi ya miaka 60. Mahali panapoonekana pa magotini, chini pana tope linaloshika mguu.

Mtu akizama, usimrukie. Anayezama humshika mwokoaji wakazama wote wawili, na habari za ndugu wawili waliokufa hivyo si ngeni masikioni mwetu. Mnyooshee fimbo ndefu ukiwa umelala chini ukingoni. Mtupie kamba. Mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, linaelea vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, inueni kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 kupitia mdomo. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pumzi 2, tena 30, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hili huwezi kulijifunza kwa kusoma hapa. Nenda ukalifanyie mazoezi kwa watu wa Msalaba Mwekundu.

MVUA, RADI NA NYOKA

Msimu wa mvua ni bora msilale nje kabisa. Kama mnatembea tu, ukisikia ngurumo, shukeni kilimani, tawanyikeni kidogo, kaeni mbali na mbuyu uliosimama peke yake, na msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Korongo kavu lisiwe kambi hata siku moja. Mvua inanyesha milimani usikokuona, na maji yanakujia wewe juani. Bonde hili la Kinyasungwe linamwaga maji kuelekea Kilosa, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliibomoa reli ya kati huko. Kama yanang'oa reli, hema lako ni nini?

Nyoka wanaogopwa kuliko wanavyouma. Vaeni viatu, tumieni tochi usiku, msichokonoe mashimo. Aliyeumwa alazwe, asitembee, kiungo kifungwe banzi kisitikisike, vueni pete na bangili, mkimbizeni hospitali. Msichanje, msinyonye sumu, msikaze kamba.

USIKU

Hapa wakubwa wengi hupenda kuruka. Sisi haturuki.

Kambi ya usiku inahitaji walimu wawili au zaidi, na kama kuna wasichana, lazima awepo mwalimu wa kike. Mahema ya wasichana na ya wavulana yawe mbalimbali. Mtu mzima halali hema moja na mwanafunzi, wala hamwiti mwanafunzi mmoja peke yake "twende tukaangalie kuni". Sheria hiyo inamkinga mwanafunzi, na mwalimu mwema nayo inamkinga. Kama mtu mzima yeyote, hata anayeheshimiwa vipi, amekugusa au amekuambia jambo lililokutia hofu, mwambie mtu mwingine unayemwamini, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Simu hiyo ni ya bure.

Na hedhi. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza ziwepo pedi, sabuni na chupi safi, na wasichana waambiwe zipo kabla ya safari ili asiwepo wa kuomba kwa kunong'ona. Choo chao kiwe na sehemu ya faragha ya kunawa. Wako wasichana wanaoacha safari nzuri kwa sababu hii tu, wakisingizia kuumwa.

Kabla ya kuondoka mwalimu amuulize kila mmoja faraghani: una pumu? Kifafa? Sikoseli? Unatumia dawa za kila siku? Majibu hayasomwi mstarini. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, isiachwe kwenye begi lililotangulia na gari.

NENO GUMU KULIKO YOTE

Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895. Kule juu hewa ni nyepesi, na mtu akizidiwa, akiyumba na kuchanganyikiwa, tiba kubwa ni moja: kumshusha. Siyo kumtia moyo. Mgeni amelipa pesa nyingi, kilele kimebaki saa moja, analia anataka kufika, na mwongozaji anasema, "Tunashuka." Hapo ndipo utamjua mwongozaji.

Neno "turudi" ni gumu kwa sababu linatamkwa mbele ya watu waliokuwa wanafurahi. Dawa yake ni kuliamua mapema, mkiwa bado shuleni na akili zimetulia. Wewe na mwalimu andikeni: tukiwa hatujafika kileleni saa 5 asubuhi, tunageuka. Maji yakibaki nusu kabla ya nusu ya njia, tunageuka. Mmoja akishindwa kutembea, safari imekwisha kwa wote. Kisha wasomeeni wote. Siku ikifika, hutabishana na mtu. Utaonyesha karatasi.

Na wewe mwanafunzi msaidizi, ukiona mwalimu mwenyewe amesahau, kwa mfano anawaacha watu waingie bwawani, je? Mwendee pembeni, siyo mbele ya kundi. "Samahani mwalimu, tulikubaliana wasiingie majini kwa sababu ya kichocho." Kwa heshima, lakini useme. Kwenye kile kisa cha Uingereza, wako waliowahi kusema na hawakusikilizwa. Hata hivyo maneno yao yalikuja kusomwa mahakamani.

UTAJIFUNZIA WAPI?

Anzia karibu. Skauti na Girl Guides wapo katika shule nyingi, na kama kwenu hawapo, mwalimu anaweza kuuliza ofisi zao za mkoa pale Dodoma mjini. Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza. Ukimaliza shule na bado una hamu, vipo vyuo vya utalii, na kuna Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, mkoani Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1963.

Lakini safari yako ya kwanza isiwe ya siku mbili. Iwe ya asubuhi moja, kilima cha jirani, watu wanane, na wewe ukae nyuma kabisa ya mstari. Ya pili iwe ya siku nzima. Kila mkirudi, kaa na daftari: nani alichoka na wapi, maji yalibaki kiasi gani, tulichelewa kwa sababu ipi. Ukiwa na kurasa kumi za namna hiyo, ndipo uzungumzie mahema.

Jambo moja linalosahaulika. Kama kuna aliyeingia bwawani, kwa siri au kwa bahati mbaya, liandike jina lake pia, bila kumgombeza hadharani, ili wengine wasifiche. Miezi mitatu baadaye mkumbushe aende zahanati akapimwe, kwa sababu kabla ya hapo mayai yanaweza yasionekane. Apeleke mkojo alioutoa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai huwa mengi. Akikutwa nacho, anapewa vidonge, na anarudi darasani siku inayofuata.